Tu Kazini: Ilani ya Wanaofanyia Kazi Nyumbani, Arusha na Meru

Tunaanza na neno la herufi mbili. "Si upo tu nyumbani?" Tumeulizwa hivyo na wifi anayetaka tukampokee stendi, na jirani anayeacha ufunguo ili fundi akija tumfungulie, na mwalimu wa chekechea anayetaka mzazi afike sasa hivi kumchukua mtoto mwenye homa, na mwenye nyumba aliyeamua kukagua paa katikati ya juma. Hakuna aliyetuuliza kwa ubaya. Ndiyo maana swali hilo limetushinda kwa miaka. Ni vigumu kumkatalia mtu anayekuomba kwa upole jambo ambalo, kwa macho yake, halikugharimu chochote. Ila kila tuliposema "ndiyo, nipo", kazi ya mtu fulani ililala, na usiku wa mtu fulani ukawa mfupi zaidi.

Hilo "tu" ndilo tunalolikataa.

Kiswahili kina "tu" nyingine. Wazee wakijuliwa hali husema tu wazima, tu pamoja. Hiyo ndiyo tunayoichukua iwe yetu. Kuanzia leo mtu akitupigia simu saa nne asubuhi akauliza kama tupo nyumbani, tutamjibu kwa heshima zote: tu kazini.

Sisi ni wakazi wa Sakina, Njiro, Moshono, Sombetini, Olasiti, Muriet, Ngaramtoni, Tengeru na Usa River. Wengi wetu tunafanya kazi kwa kompyuta juu ya meza ya chakula. Tunapokea oda za watalii, tunatunza hesabu za kampuni, tunatafsiri, tunaandika programu, tunafundisha wanafunzi ambao hatujawahi kuwaona ana kwa ana. Lakini wapo kati yetu wasiogusa kompyuta. Yupo mama wa Sombetini anayewasha jiko saa kumi alfajiri ili maandazi yafike shuleni kabla ya kengele. Yupo fundi cherehani aliyeweka mashine barazani. Wapo kina mama wa Kimaasai na Kiarusha wanaotunga shanga kivulini kwa ajili ya maduka ya watalii, punje moja moja, mtoto akiwa mgongoni. Tulibishana kama hawa wanatuhusu. Tukakubaliana kwamba bila wao tusingekuwa na haki ya kuandika ilani hii, maana wao wameliishi jambo hili tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuliita jambo.

Kwenye mteremko wa Meru, nyumbani na kazini palikuwa mahali pamoja. Ukipita Nkoaranga au Poli bado utaona: nyumba iko katikati ya migomba, kahawa iko chini ya kivuli cha migomba hiyo, ng'ombe wawili wako bandani, na mtu anashuka njiani na mzigo wa majani kichwani kwa ajili yao. Pale huwezi kuonyesha kwa kidole kazi inaishia wapi na nyumba inaanzia wapi. Utengano uliletwa. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, ikaja kodi ya kulipwa kwa fedha taslimu, yakaja mashamba ya walowezi, na mwaka 1929 reli kutoka Moshi ikafika. Kidogo kidogo "kazi" ikawa jina la kitu ambacho mwanamume anatoka asubuhi kukifuata na jioni anarudi nacho mfukoni. Aliyebaki na ng'ombe, migomba, kuni, maji na watoto akaambiwa hana kazi. Hata sasa mtoto akijaza fomu ya shule, penye kazi ya mama anaandika "mama wa nyumbani", na kila anayesoma fomu anaelewa kwamba hapo pameandikwa "hana".

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, na alikuwa hapa Arusha. Shule zikafungwa. Watalii wakakoma kuja, na mji huu unakula kwa mkono wa utalii. Wengi wetu tulipoteza ajira. Waliobaki waliambiwa wabebe kompyuta waende nazo nyumbani. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni, na kwa miezi hiyo mitatu na ushee meza moja ilikuwa ofisi, darasa, kaunta ya jikoni na mahali pa kulia chakula. Tulidhani ni dharura. Watalii waliporudi, ofisi kadhaa hazikurudi. Waajiri walikuwa wameshaona kwamba kazi inafanyika na pango la mjini halilipwi. Waliona kweli. Ambacho hawakukiona ni nani aliyekuwa analipia tofauti hiyo, na kwa saa zipi.

Suala la saa linatuumiza kuliko yote, na linatuumiza sisi wa huku kwa namna ya pekee. Mteja wa London akiketi kazini saa tatu asubuhi, hapa ni saa tano au saa sita mchana, kutegemea majira yao. Mboga inatakiwa iwe imeshachambuliwa. Mteja wa New York akiketi saa tatu yake, hapa ni saa kumi jioni, na kwenye majira yao ya baridi ni saa kumi na moja. Wa California anaanza kwetu ikiwa saa moja au saa mbili usiku. Yaani ofisi za Marekani zinafunguka wakati ule ule watoto wanarudi shule, nguo zinatakiwa kuanuliwa kabla ya umande na chakula cha usiku kinawekwa jikoni. Siku mbili nzima za kazi zinagongana katika saa tatu za jioni, nyumba nzima ikiwa imeamka na ina njaa. Anayepanga vikao hajui. Anayesubiri chakula naye hajui.

Mwenzetu mmoja wa Sakina alitusimulia jioni yake moja, tukamwomba airudie polepole ili tuiandike.

Saa kumi kasoro dakika tano. Maharage yako nje kwenye jiko la mkaa tangu saa nane, maana gesi inatunzwa kwa ajili ya chai na uji. Maziwa ya jioni yameshaletwa, yako ndani kwenye sufuria, moto mdogo. Mtoto wa darasa la tatu amerudi, amevua viatu mlangoni, ana njaa na ana zoezi la hisabati. Saa kumi kamili mteja wa New York anatokea kwenye kioo akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Kwake ndiyo kwanza kumekucha. Anataka kubadilisha ratiba: usiku mmoja Tarangire badala ya miwili, na siku ya ziada Ngorongoro. Mwenzetu anafungua karatasi ya bei, anahesabu upya, anaongea kwa sauti ya mtu aliye ofisini. Puani anasikia harufu ya maziwa. Anajua kabisa yamefikia wapi: kwanza utandu unavimba, halafu unapasuka pembeni, halafu yanapanda yote kwa mara moja. Hawezi kuinuka. Yanamwagika, moto unazimika, gesi inaendelea kutoka. Anaomba radhi, anazima kamera, anakimbia.

Mumewe alikuwa sebuleni, hatua tano kutoka jikoni, siku yake ya mapumziko. Ni mume mwema. Ada analipa, nyumbani analala, hajawahi kumwinulia mkewe mkono. Aliyasikia yakimwagika. Leo naye ni mwenzetu na ameridhia haya yaandikwe. Tulipomuuliza kwa nini hakuinuka, alinyamaza kwa muda, kisha akasema alidhani mke wake anayaangalia. Alikuwa anamwona kwa macho yake akiongea na mteja, na bado alidhani anayaangalia maziwa.

Harakati hii ilizaliwa kwenye jibu hilo. Hatukuona tena sababu ya kutafuta mtu mbaya. Tuliona kwamba ndani ya nyumba zetu kuna mkataba ambao hakuna aliyewahi kuusaini, unaosema kila kitu kinachochemka kina mwangalizi mmoja, awe amelala, awe anaumwa, awe yuko kwenye mkutano.

Arusha ni mji wa maazimio. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Mnara wake uko Kaloleni. Tunapita hapo kila siku. Watu wanakumbuka miiko ya viongozi na mabenki yaliyotaifishwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Azimio lilihesabu saa za kazi za wanawake. Lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine wanafanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Kwa chama kilichokuwa kikiongozwa na wanaume, hayo yalikuwa maneno ya ujasiri, na tunajivunia kwamba yaliandikiwa hapa kwetu. Lakini Azimio hilo hilo liliwaweka baadhi ya wanawake wa mjini kwenye orodha ya walio likizoni. Hapo tunapingana nalo, kwa adabu ya watoto kwa wazazi wao. Jembe lilionekana kuwa kazi kwa sababu mwisho wake kuna gunia. Sufuria halikuonekana kwa sababu kilichomo huliwa kikaisha, na kesho yake asubuhi hakuna ushahidi.

Mahakama ilikuja kuona. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliifasiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kukubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufaulu, kwa sababu nyingine za shauri lake, ila msimamo ule umewasaidia wanawake wengi waliokuja baada yake. Tunauheshimu sana. Tunauliza jambo moja tu juu yake: kwa nini kazi hii ihesabiwe pale ndoa inapovunjika? Sisi tunataka ihesabiwe ndoa ikiwa hai, Jumanne ya kawaida, watu wote wakiwa mezani.

Tukaanza kuhesabu. Kwa juma moja kila nyumba iliweka daftari jikoni, na kila aliyefanya jambo aliliandika. Kwenye nyumba moja ya Moshono, Jumanne peke yake ilijaza kurasa mbili. Kufagia uwanja, kudeki, kukinga maji, kuloweka sare, kumenya ndizi, kuchambua mchele, kuosha vyombo mara tatu, kupasi shati moja kwa sababu umeme ulirudi usiku. Hayo tuliyategemea. Ambayo hatukuyategemea yalikuwa yale yasiyo na jina. Kukumbuka kwamba mtungi wa gesi umebaki mwepesi. Kukumbuka tarehe ya kliniki ya mtoto. Kukumbuka kuwa kesho ni mchango wa rambirambi, kwamba bibi dawa yake ya presha imebaki vidonge vinne, kwamba LUKU haitafika Ijumaa, kwamba viatu vya shule vimeanza kumbana mkubwa na vinaweza kumfaa mdogo. Tumeiita kazi ya kukumbuka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipima matumizi ya muda katika Utafiti wa Nguvu Kazi wa mwaka 2006 na tena wa 2014, na mara zote mbili ilionekana kuwa wanawake wanatumia saa nyingi kuliko wanaume kwenye kazi zisizolipwa. Tunaishukuru. Ila dodoso haliwezi kuikamata kazi ya kukumbuka, maana inafanyika wakati mtu anafanya kingine. Mwenzetu anayetunza hesabu za kampuni alituambia kwamba ndiyo inayomfanya akosee tarakimu. Makosa yake yote ya mwaka mzima, alipoyafuatilia, yalitokea kati ya saa tano na saa sita mchana, saa ambayo anawaza watoto watakula nini.

Na kazi za nyumba za Arusha zina uzito wake wenyewe. Mlima uliotupa udongo huu mweusi wenye rutuba ndio uliotia floraidi kwenye maji yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi na mito mingi kuzunguka Meru inazidi hapo kwa mbali. Meno ya kahawia ya watoto wa Ngarenanyuki ni shahidi. Kwa hiyo nyumba nyingi huku zina hesabu mbili za maji, ya kuoshea na ya kunywa, na kuna mtu wa kuzikumbuka zote mbili na kubeba madumu. Miradi mikubwa ya maji ya miaka ya karibuni imepunguza mzigo huo kwa sehemu za mji, nasi tunaipongeza. Mtaa ambao bomba linatoa maji usiku wa manane bado una mtu anayeamka kukinga, na mtu huyo saa mbili na nusu asubuhi ana kikao.

Tulipokuwa tunajadili hatua ya kuchukua, mmoja wetu alileta habari ya Iceland. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa nchi ile, takriban asilimia 90, walisimamisha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Kina baba walikwenda kazini wakiwa wamebeba watoto. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya usawa. Habari hiyo ilitupa nguvu, na baadhi yetu walitaka tuige. Hatutaiga, na tunaona ni haki kueleza kwa nini. Katika nyumba zetu, mama akiweka kazi chini, hazimwendei baba. Zinakwenda kwa binti mkubwa, au kwa bibi, au kwa dada wa kazi.

Kuhusu dada tunataka kusema bila kuficha, kwa kuwa wengi wetu tulitatua tatizo letu kwa mgongo wake. Anatoka Singida, Kondoa au Babati, mara nyingi akiwa bado binti mdogo. Anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tatu usiku. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala nyumbani kwa mwajiri. Ukigawa fedha hiyo kwa saa 16 za kila siku, siku 30, inakuja shilingi 125 kwa saa. Andazi la mama wa Sombetini halinunuliki kwa bei hiyo. Na huko kwenye nyumba zetu kuna wasiofikishiwa hata hizo 60,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile tunayoishika tukidai saa zetu 45 kwa juma na saa yetu moja ya mapumziko, inamhusu na yeye. Tunaona aibu kwamba tulihitaji mkutano mzima ili kulitambua hilo. Mtu yeyote anayetaka kuingia katika harakati hii akiwa na mfanyakazi wa ndani aanze hapo: mkataba wa maandishi, mshahara usiopungua sheria na unaoongezeka, siku ya mapumziko ambayo ni yake kweli, saa ya kulala inayojulikana, na mlango wa kusoma au kujifunza ufundi. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinawapokea pia wafanyakazi wa majumbani. Tutamwambia kipo, na hatutamkasirikia akijiunga. Asiyeweza masharti haya asiwe na dada. Adeki mwenyewe.

Kwa waajiri maneno yetu ni machache. Mlipofunga ofisi mlihamisha pango, umeme, maji na bando kwenda kwenye bajeti zetu. Rudisheni sehemu yake. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kikiwa cha lazima, asubuhi ya kesho yake ianze baadaye. Msiulize kelele ya nyuma ni ya nini. Ni mtoto, ni jogoo, ni gari la matangazo. Ndivyo ofisi mliyoichagua ilivyo. Intaneti ikikatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na nchi nzima ikayumba, msimhesabie mtu kuwa mtoro. Na muelewe kwamba saa ya kula si saa ya kupika. Aliyetumia mapumziko yake kusonga ugali hajapumzika.

Kwa serikali tunaomba mambo ambayo imeshayakubali kwenye karatasi. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunaomba gesi iuzwe kwa kiasi ambacho mtu wa kipato cha siku anakimudu, maana maharage ya saa mbili juu ya mkaa ni saa mbili za mtu. Tunaomba vituo vya kulelea watoto mchana vifike kwenye kata zetu, karibu, kwa ada ya mtu wa kawaida. Na tunaomba likizo ya baba iangaliwe upya. Sheria inampa mama siku 84 na baba siku 3. Jirani zetu wa Kenya wanampa baba wiki mbili. Katika siku tatu mwanamume hajifunzi hata kumfunga mtoto nepi vizuri, na anarudi kazini akiwa ameshafundishwa kwamba mtoto huyo ana mwangalizi mmoja. Yale maziwa ya Sakina yalianza kumwagika pale.

Lakini serikali haitakuja kuanua nguo, na hapa tunasema na wanaume, tukiwamo sisi tulio wanaume katika harakati hii.

Kati ya Juni na Agosti ukungu wa Meru unashuka hadi mitaani, na nguo zinakaa kambani siku mbili bila kukauka. Kamba inajaa, na majirani wana muda mrefu wa kuitazama. Mwanamume mmoja wetu, mkazi wa Kwa Mrombo, anafanya kazi ya uhasibu nyumbani tangu 2021. Mkewe anatoka kila asubuhi kwa kifodi kwenda kazini. Mume ndiye anayepika, na anapika vizuri. Anafua pia, bafuni, mlango umefungwa. Akimaliza anakamua, anaweka nguo kwenye beseni, anafunika beseni kwa khanga, na nguo zinakaa humo hadi jioni mkewe arudi azianike. Zikianza kunuka uvundo anazisuuza tena. Alifanya hivyo kwa miaka miwili. Alipotusimulia sauti yake ilitetemeka, na hatukucheka, kwa sababu kila mwanamume aliyekuwepo alikuwa na beseni lake. Aliogopa kuonekana kambani. Aliogopa neno limbwata, kwamba mtaa utasema amelishwa. Aliogopa mama yake mzazi, anayeishi nyumba ya pili, atamwona na kulia. Na zaidi aliogopa kwamba watu watahitimisha amefukuzwa kazi, kwa sababu mwanamume aliye nyumbani saa tano asubuhi na ana kazi yake, kwa lugha ya mtaa wetu, bado hana jina.

Huyu naye ameumizwa na lile lile "tu". Kwa mwanamke neno hilo linafuta kazi ya mshahara: upo tu nyumbani, hebu njoo. Kwa mwanamume linafuta uanaume wake: yupo tu nyumbani, maskini. Ndiyo maana tuko pamoja katika harakati hii, wanawake na wanaume, na hatutaki iitwe ya upande mmoja.

Ahadi tunazopeana ni hizi. Katika nyumba zetu daftari litabaki jikoni, na kila Jumapili jioni litasomwa kwa sauti, watoto wakiwepo, kisha kazi za juma zigawanywe upya, pamoja na kazi ya kukumbuka: anayekumbuka gesi ajulikane, anayekumbuka kliniki ajulikane. Kijana wa kiume wa miaka kumi atajua kupika wali usioungua na kufua soksi zake, kama dada yake. Mwenye kazi ya mshahara saa hiyo ataufunga mlango, au akiwa hana chumba atajifunga kitambaa begani, na kitambaa hicho kitaheshimiwa kama mlango. Ndugu akija kukaa tutampokea kwa moyo wote, na siku ya tatu tutampa jembe, kama wahenga walivyoruhusu. Jembe lenyewe siku hizi ni sinki la vyombo. Hatutamwambia mtu yeyote, mwenye kompyuta au mwenye karai la maandazi, kwamba yupo tu.

Hatuna ofisi, hatuna kadi wala kiingilio. Anayetaka kuwa mwenzetu aanzie kwake. Na wewe baba unayesoma haya, uwe Ngaramtoni au Usa River: Jumamosi hii ukimaliza kufua, usifunike beseni. Toka nje mchana kweupe, msalimie jirani, uzianike mwenyewe.